Barabara ya Kufagiliwa Jioni

Juzi vijana walipita kwangu wakiwa kwenye baiskeli, wamevaa kofia ngumu na suruali za kubana ambazo mimi ningezivaa enzi zangu Mama angenikana mchana kweupe. Walikuwa wametoka Nairobi, wakalala Runyenjes, na sasa walikuwa wakizunguka barabara zetu za changarawe kwa raha zao tu. Hawapeleki maziwa, hawafuati mgonjwa, hawaendi kwa mtu. Msichana mmoja akaomba maji, nikampa. Akayanywa huku anahema, akaniambia, "Shosho, huku kwenu ni kuzuri, hakuna gari hata moja." Nikamjibu ndiyo, kumetulia. Akashukuru, akapanda baiskeli yake, akakatiza uani kwangu kuelekea barabarani.

Sasa, uwanja huo nilikuwa nimetoka kuufagia. Mimi hufagia kwa tawi la majani, nikirudi nyumanyuma ili nisiache unyayo wangu, na wajukuu wangu wamenicheka kwa hilo hadi wamechoka. Pale katikati, kwenye udongo laini, msichana yule akaniachia mstari mmoja wa tairi. Nilisimama nikautazama hadi chai ikapoa. Binti yangu akaniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi, endelea na kazi yako. Lakini siku hiyo sikutulia. Nilikaa nikainuka, nikaenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote, nikarudi, nikainuka tena.

Ukimya wa barabara nilioujua mimi ulikuwa wa kuamriwa. Ninyi wa rika langu mnakumbuka. Miaka ile ya Hali ya Hatari hakuna aliyetoka kijiji kimoja kwenda kingine bila karatasi. Basi lililokuwa likipanda kutoka Embu liliacha kuja. Lori la askari lilipita mara moja kwa juma, na majuma mengine hata hilo halikuonekana. Barabara yetu ya udongo mwekundu na changarawe, inayofuata mgongo wa kilima kutoka kijijini hadi ukingo wa msitu, ikalala pale, pana, haina mwenyewe. Mashamba ya pande zote mbili yalikuwa yetu, lakini tulikuwa tumehamishwa tukakusanywa kijijini, na magugu yalikuwa yamefika kifuani mwa mahindi.

Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na lango lilikuwa moja tu. Linafunguliwa asubuhi kwa filimbi, linafungwa jua likielekea kuzama. Nyumba zilibanana hivi kwamba jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Mimi nilikuwa mtoto wa kukimbia. Kabla ya kuhamishwa nilizoea kutumwa mtoni, shambani, kwa nyanya, na kote huko nilikwenda mbio. Pale kijijini miguu iliniwasha. Nilizunguka nyumba yetu mpaka Mama akasema nitachimba handaki la pili.

Baba, tuliambiwa, alikuwa Nairobi, kwenye kazi ya reli. Najua mnanicheka mnaojua maana ya Nairobi ya miaka ile. Lakini mtoto akiambiwa Nairobi anaamini Nairobi, na mimi niliwaringia wenzangu kwamba baba yangu atarudi na viatu vyangu.

Nyumba iliyopakana na yetu alipewa Daktari. Jina lake lilikuwa Mutwiri, Mumeru wa Kianjai, na kusema kweli hakuwa daktari bali dresa, mtu wa kufunga vidonda na kugawa kwinini. Alihudumia vijiji vinne, na kwa sababu hiyo alikuwa na karatasi ya kutembea na baiskeli nyeusi ya serikali. Baiskeli nyingine haikuwapo kijijini. Mama alikuwa akimpikia kwa amri ya Hedimani, msimamizi wetu wa kijiji, na mimi nikapewa kazi ya kuosha baiskeli kila jioni kwenye kijito kilicho nje kidogo ya lango. Kimeru chake kilituchekesha, Kiembu chetu kilimchekesha yeye, lakini tulielewana vizuri. Alikuwa mpole, mrefu, na alikula ndizi za kuchemsha bila kulalamika hata siku zile Mama alipokosa chumvi.

Hakunifundisha kuendesha. Nilijifundisha mwenyewe, kwa wizi. Nilikuwa mfupi, kiti nikikiona kule juu, kwa hiyo nilipenyeza mguu chini ya chuma cha juu cha fremu nikakanyaga pedali ya upande wa pili, mwili wote ukining'inia ubavuni mwa baiskeli. Nyanya alikuwa ametuonya kwamba msichana akipanda baiskeli hatazaa. Nimezaa watoto sita, namshukuru Mungu. Ili nipande nilihitaji jiwe la daraja la kijito, nilisimama juu yake ndipo nijisukume. Nikishuka mahali pasipo na jiwe, basi, ningesukuma baiskeli kwa miguu hadi nyumbani. Kwa hiyo nilikuwa sishuki.

Watu wazima hawakuniona kwa sababu walikuwa na mambo yao. Nilikwenda kidogo nikarudi, kesho yake nikaongeza kidogo. Changarawe ililia chini ya tairi, upepo ulikuja na harufu ya magugu yaliyochomwa na jua na ya ndizi zilizoivia mgombani bila mkataji, na machozi yalinitoka kwa ajili ya upepo tu. Hakuna gari, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Ni hapo tu miguu yangu ilipotulia, na ilikuwa ikizunguka.

Halafu ikaja amri ya kufagia. Kina mama walikuwa wakichimba handaki kutwa nzima, na sasa wakitoka huko wanapelekwa hadi kona ya juu, pale penye pipa lililopakwa chokaa kuonyesha mwanzo wa msitu uliokatazwa. Kutoka hapo walifagia barabara yote kwa matawi, wakirudi kinyumenyume hadi kijitoni. Walijipanga safu safu, na kila safu ikifuta nyayo za iliyotangulia. Mama ndiye aliyewekwa mwisho, peke yake. Hedimani alisema mkono wake ni mwepesi, hauachi kitu.

Mimi nilielewa jambo hilo kwa akili yangu. Kwetu uwanja ulifagiliwa asubuhi, na Nyanya alikuwa mkali kwamba ukifagia jioni unaitoa baraka nje. Ni siku moja tu Mama alifagia jioni na Nyanya akanyamaza, kwa sababu kesho yake wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi yangu, na hawangekuta uwanja mchafu alfajiri. Basi nikajua kuna mgeni. Nilimuuliza Mama ni nani anayekuja kwa barabara hii. Alikuwa amechoka, ananawa matope, akanijibu kwamba ni mgeni mkubwa. Nikawatangazia wenzangu. Tukabishana kama ni Malkia au ni mkubwa wa Embu tu, na mimi nilikuwa upande wa Malkia.

Mgeni hakuja juma la kwanza, hakuja la pili. Barabara ilifagiliwa kila jioni, ikawa laini kama unga uliopepetwa, na mimi niko pale kijitoni naosha matairi, naitazama. Nilijikaza siku nyingi nisipande. Jioni moja kina mama walimaliza wakaenda kujipanga langoni kuhesabiwa. Hedimani alikuwa akipoteza hesabu kila alipofika thelathini na kitu, na mlinzi wa lango akaenda kumsaidia. Jua lilikuwa bado lipo. Nikajiambia mgeni mwenyewe hatajua. Nikapanda jiwe la daraja.

Sijawahi kusafiri vile tena, na nimepanda ndege. Hakukuwa na changarawe ya kulia, ila sauti ndogo tu ya tairi ikikata vumbi. Nilifika kwenye pipa kabla sijajua nimefika. Kona ilikuwa pana, nikageuka bila kushuka, msitu ukiwa mweusi mkono wangu wa kushoto, nikarudi kwa kasi huku naimba. Nilipofika langoni hesabu ilikuwa bado haijatimia.

Asubuhi filimbi ilipigwa mapema, na haikukoma. Hedimani alikuja na hom gadi wanne, wale askari wa kijiji waliowekwa na serikali, wakamtoa Daktari nyumbani kwake akiwa na kikombe mkononi. Tairi la nyuma la baiskeli ile lilikuwa na kiraka cha ngozi kilichoshonwa kwa waya, na kila lilipozunguka liliacha alama ya pembe nne ardhini. Alama hizo zilikuwa zimeonekana kutoka kijitoni hadi kona ya juu na kurudi. Daktari alipiga magoti akazitazama, akasema ni za baiskeli yake lakini si yeye. Hawakumsikiliza.

Hapo ndipo nilipojua barabara ilikuwa inafagiliwa kwa nini. Hakukuwa na mgeni. Ilifagiliwa ili mtu akitoka msituni au akiingia, asubuhi unyayo wake uonekane. Na lililozidi ni kwamba walipozifuata alama hadi kwenye kona, walikuta pale nyayo tano za miguu mitupu, ndogo, zikitoka kichakani kuja barabarani. Bila alama za tairi wangepita tu, kwa sababu zilikuwa ukingoni kabisa, chini ya majani. Hedimani alizipima kwa kijiti akakikata sawasawa na urefu wa unyayo. Neno likaenea kijijini kabla jua halijapanda: Daktari alipeleka dawa kwa baiskeli, na mwanamke wa msituni akatoka kuipokea. Mtu aliyepeleka dawa kwa watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali ya mzungu, miaka ile hakufungwa. Alinyongwa.

Nilimkimbilia Mama akiwa anawasha moto. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, jiwe, tairi, kona. Hakunipiga. Aliweka kuni chini, akanishika mdomo kwa mkono wenye majivu, akasema neno moja, "Nyamaza." Nikadhani ananikinga na kiboko cha Hedimani. Nikamwambia lakini Daktari atanyongwa. Akasema tena ninyamaze, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeomba.

Siku mbili Daktari alikaa amefungwa kwenye banda la hom gadi, na siku mbili mimi sikula wala sikukaa. Nilizunguka kijiji. Nikipita karibu na banda naona vidole vya miguu yake chini ya mlango. Nikimwona Hedimani maneno yananipanda kooni, nikimkumbuka Mama yanashuka. Nilichukia kila mtu. Nilimchukia Mama kwa kunifunga mdomo, nikamchukia Daktari kwa kuwa na baiskeli. Kichwa cha mtoto ni kidogo kwa kitu cha ukubwa ule.

Siku ya tatu, saa nne hivi, alikuja Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali, kwa lori lililokuja kumchukua Daktari. Watu wote wakaitwa uwanjani. Daktari akaletwa na pingu, baiskeli ikaegemezwa kwenye lori. Lakini kabla ya kuondoka, Hedimani alitaka kuonyesha bidii. Alisema huenda mwanamke yule hakutoka msituni, huenda ni wa humu kijijini. Akaamuru kina mama wajipange, kila mmoja atoe mguu upimwe kwa kijiti.

Nilisimama kando ya Mama, amenishika kifundo cha mkono. Mstari ulisogea. Hedimani aliinama, akapima, akainuka, akasema mkubwa huu, mkubwa, mkubwa. Miguu ya kina mama wa mlimani ni mipana, si ya mchezo. Ndipo Mama akarudi nyuma nusu hatua. Mama yangu alikuwa amechomewa nyumba akiwa amesimama bila kutikisika. Nilimtazama usoni, naye hakuwa akinitazama mimi wala Daktari. Alikuwa anatazama kijiti.

Nilijivuta nikatoka mbele. "Ni mimi niliyeendesha baiskeli," nikasema.

Kwanza hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu. Watu wakacheka, nawaambia kweli, watu waliokuwa wamejaa hofu walicheka mpaka hom gadi wakacheka. Msichana, tena mdogo vile, na baiskeli ya mtu mzima. Hedimani akamwambia Bwana Shauri kwamba mimi ni binti wa mwanamke anayempikia mshitakiwa, nimetumwa kumtetea. Mkalimani akatafsiri. Mzungu akamuuliza Daktari ananijua vipi.

Daktari alinigeukia. Alikuwa amevimba jicho moja. Akasema taratibu, "Huyu mtoto hajui baiskeli. Aliyepita ni mimi."

Mimi nilikuwa mtoto mwenye kichwa kigumu, na nikiri kwamba kilichonisukuma hapo si wema. Nilikasirika. Mtu yule nilikuwa namwoshea baiskeli kila siku, halafu anasema mbele ya watu kwamba sijui. Nilitembea hadi kwenye lori, nikaichukua baiskeli kabla hawajaamua nani anizuie, nikaisukuma hadi kwenye jiwe la mlingoti wa bendera. Nikapenyeza mguu chini ya chuma, nikajisukuma.

Kicheko kilikatika. Nilizunguka uwanja ule wote nikiwa nimening'inia, kanzu yangu imenasa kwenye mnyororo ikachanika, nikapita mbele ya Hedimani, nikapita mbele ya kina mama, nikageuka kwenye lori kama nilivyogeuka kwenye kona. Sikusikia chochote ila kiraka kikigonga ardhi, tap, tap, tap. Niliposimama, nyuma yangu vumbini palikuwa na duara la alama za pembe nne. Bwana Shauri alishuka kwenye kivuli cha lori akaja kuziangalia. Akasema kitu kwa Kiingereza, na mkalimani akasema Bwana anakubali kwamba mtoto anajua.

Mngedhani hapo imekwisha. Hedimani hakutaka kushindwa na mtoto wa kike. Akainua kijiti, akauliza, na nyayo za pale kwenye kona ni za nani?

Nilifungua mdomo kusema sikushuka. Ndiyo ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa nimetoka mbele kusema kweli. Lakini mbele ya Mama walibaki wawili tu wa kupimwa, na mguu wake mmoja umefichwa nyuma ya mwingine. Miguu ya Mama ilikuwa midogo. Kina mama wenzake walikuwa wakimtania kwamba aliumbwa kwa mabaki. Na Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kufagia. Sikujua alitoka kichakani kufanya nini, ila nilijua kwamba nyayo zile ni zake, na kwamba alama zangu za tairi ndizo zilizowaongoza askari hadi kwenye miguu ya mama yangu.

"Ni zangu," nikasema. "Nilikwenda haja."

Watu wakacheka tena, kidogo. Hedimani akanishika mguu kwa hasira akaupima. Mimi nilikuwa na miguu mikubwa kwa umri wangu, kitu nilichokuwa nikikionea haya. Kijiti kilizidi kidole changu kwa unene wa ukucha. Akamwonyesha Bwana Shauri ule unene. Mzungu alikuwa ametazama saa yake mara mbili, na wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani. Akasema mtoto anayekimbia huvuta unyayo ukawa mrefu, na yeye hakuja huku kupima watoto. Kina mama waliobaki hawakupimwa. Hakuna aliyeniuliza nikishuka pale kwenye kona nilipanda tena kwa jiwe gani. Hedimani hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake.

Nilichapwa viboko sita papo hapo. Mama akaongezewa kazi ya handaki. Daktari alifunguliwa pingu, lakini kwa kuwa aliacha mali ya serikali mikononi mwa mtoto, alinyang'anywa karatasi na baiskeli, akaamriwa arudi kwao kwa miguu siku ileile. Alisindikizwa na askari hadi nyumbani kwake kuchukua vitu vyake. Alitoka na blanketi limekunjwa, akampa Mama mbele ya askari, akasema kwa sauti kwamba lina chawa, alichemshe kabla ya kulitumia. Askari akarudi nyuma hatua moja. Halafu Daktari akanigeukia mimi niliyesimama nimeegemea ukuta kwa sababu sikuweza kukaa.

"Breki ya nyuma ni mbovu," akasema. "Ungeniambia unaiendesha, ningeitengeneza."

Akaenda zake. Kutoka kwetu hadi mto Thuci ni mwendo, na kutoka Thuci hadi Kianjai ni mwendo mara kadhaa. Sikumwona tena. Kila nikikutana na mtu wa Kianjai namuuliza, mpaka leo, na wananitazama kama mama mzee anayetafuta mume. Ningependa tu kumwambia samahani, kwa sababu siku ile sikuisema.

Alipokwisha kuondoka Mama alifunga mlango, ingawa ilikuwa mchana. Akafungua blanketi. Hakukuwa na chawa. Kulikuwa na bendeji, na unga wa dawa ya vidonda kwenye karatasi. Alinilaza kifudifudi akanipaka mafuta kwenye viboko, na huku akinipaka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nyayo zile zilikuwa zake, kwamba askari walimharakisha jioni ile akashindwa kuzifuta, na kwamba Baba hayuko Nairobi. Alikuwa msituni, si mbali na kona ile, na risasi kwenye paja. Daktari alikuwa akitoa dawa, Mama akiifunga kiunoni na kuiacha chini ya kisiki kabla ya kuanza kufagia. Nililia, na sikulia kwa ajili ya viboko. Nililia kwa sababu nilikuwa nimewaringia watu viatu.

Niseme mapema ili msisumbuke: Baba alitoka akiwa hai, akichechemea, akatusumbua miaka mingi kwa ukali wake. Lakini siku ile hatukujua. Tulijua tu kwamba dawa iko blanketini, mpelekaji ni Mama, na barabara itafagiliwa jioni kama kawaida na kuchunguzwa asubuhi kwa macho makali kuliko jana.

Na adhabu yangu haikuwa viboko tu. Hedimani alikuwa ameamuru kwamba kwa kuwa nimeichafua barabara, nitaifagia pamoja na kina mama kwa mwezi mzima, na kwa kuwa mimi ni mdogo na mzito wa kujifunza, nikae mwisho kabisa, na mama yangu, anifundishe.

Kwa hiyo jioni ile nilipanda nao hadi kwenye pipa, kanzu ikinikwaruza alama za viboko. Safu zikaanza kurudi nyuma, matawi yakivuma. Hom gadi walikuwa mbele wakipiga soga, migongo yao kwetu. Mama alinipa tawi lake. Akanitazama mara moja, akaingia kichakani. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika ishirini, akatoka, mikono mitupu. Nyayo zake zilikuwa pale, ndogo, tano. Nikazifagia. Nikarudi nyuma nikafagia za kwangu, nikazirudia za kwake tena, taratibu, kama alivyoniambia, mkono mwepesi. Tulikwenda hivyo hadi kijitoni, yeye akitembea, mimi nikifuta.

Hedimani alikuwa amesimama kwenye daraja akingoja. Aliitazama barabara hadi inapokata kona. Ilikuwa safi, haina hata alama ya ndege.

"Naona sasa umeshika adabu," akaniambia.

Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee."